MASWALI YA WAKULIMA JUU YA VIUMBE WA SHAMBA LA MINAZI, NA MAJIBU YAKE

Mkulima wa minazi hakai peke yake shambani. Anakaa na viumbe wengi: wengine hutembea mchana mbele ya macho yake, wengine hufanya kazi usiku yeye akiwa amelala. Mara nyingi kiumbe anayeuma huitwa adui, na asiyeonekana hatajwi kabisa. Lakini shambani si kila anayeuma ni adui, wala si kila aliyenyamaza ni rafiki.

Katika kurasa hizi tumekusanya maswali wanayopenda kuuliza wakulima wa minazi juu ya wadudu na wanyama, na kila swali tumelipa jibu lake. Tumeyapanga kwa ajili ya Mafia, ambako mnazi ni mti wa kila nyumba, toka Kilindoni hata Bweni, na toka Baleni hata Utende na kisiwa cha Chole. Msomee na jirani yako asiyejua kusoma, kwa maana mdudu wa shamba la jirani hajui mpaka.

1. SWALI: Kwa nini vidaka vya minazi yangu vyaanguka vingi hata kabla ya kuwa vitale?

JIBU: Kwanza ujue kuwa si kila kidaka kinachoanguka ni cha kuhuzunikia. Mnazi mzima wenye afya hufungua karara moja hivi kila mwezi, na kila upunga huweza kuzaa vidaka vingi kuliko uwezo wa mti kuvilea. Kwa hiyo mti wenyewe huviangusha vingine, hasa wakati wa kiangazi kikali au ardhi ikiwa imechoka.

Lakini yuko mwivi pia. Huyo ni kunguni wa minazi. Ni mdudu wa rangi ya kahawia, mwembamba, mwenye mbawa, na urefu wake ni kama sentimita moja na nusu. Mdomo wake ni kama sindano. Huuchoma kwenye kidaka kichanga akanyonya maji yake, na mate anayoyatia yana sumu. Mahali alipochoma pakafa, pakafanya doa jeusi lililodidimia. Kidaka kilichochomwa kingali kidogo sana huanguka. Kilichochomwa kikiwa kimekua kidogo huenda kisianguke, lakini huwa nazi iliyopinda, ndogo, yenye makovu na nyufa, na utomvu mzito kama gundi hutoka na kukauka juu ya ganda.

Wakulima wengi hawajapata kumwona kunguni huyu, kwa sababu ni mwepesi wa kuruka na hukaa juu kileleni. Tena wachache tu wanatosha kuharibu vidaka vya mnazi mzima, kwa kuwa mmoja huchoma mara nyingi.

Hapo zamani watu walidhani kuwa ile gundi ni ugonjwa wa mnazi wenyewe. Mtaalamu mmoja aitwaye M. J. Way aliichunguza minazi ya Unguja, na mwaka 1953 alieleza kwa maandishi kuwa asili yake ni kunguni. Mwaka 1955 mdudu huyo alipewa jina la kitaalamu linalotokana na jina la bwana huyo. Kumbe ulioitwa ugonjwa ulikuwa ni mdudu mwenye mdomo wa sindano.

Wewe mwenyewe waweza kupima. Okota vidaka 10 vilivyoanguka. Ondoa magamba yaliyo kwenye kikonyo, kisha tazama vizuri. Ukiona madoa meusi yaliyodidimia, au utomvu, basi mwivi yuko. Ukiona vidaka ni safi, basi sababu ni nyingine: ukame, njaa ya ardhi, au mti tu kupunguza mzigo.

Usidharau hasara hii. Tuseme mnazi wako hufungua makarara 12 kwa mwaka, na kila upunga unapoteza nazi 2 tu kwa sababu ya kunguni. Hizo ni nazi 24 kwa mnazi mmoja. Ukiwa na minazi 50, umepoteza nazi 1,200 kwa mwaka, na hukuibiwa na mtu.

2. SWALI: Majimoto wanatuuma vibaya. Je, si bora tuwachome moto wote?

JIBU: La, usiwachome. Majimoto ndio askari wa mnazi wako.

Majimoto ni wakali kwa kila mdudu anayeingia katika mti wao. Huzunguka mchana kutwa juu ya makuti, juu ya mapunga na juu ya vidaka. Wakimkuta kunguni mchanga asiyeweza kuruka, humkamata kwa miguu, wakamvuta huku na huku, wakampeleka nyumbani kuwa chakula. Na kunguni mkubwa hapati utulivu wa kunyonya wala kutaga. Kwa hiyo mnazi wenye majimoto wengi kileleni huwa na vidaka safi kuliko mnazi usio nao. Jambo hili lilionekana Unguja katika miaka ya 1950, na uchunguzi uliofanywa baadaye Tanzania Bara na Visiwani umelithibitisha.

Wala si minazi tu. Katika mikorosho, majimoto huwafukuza mbu wa mikorosho wanaokausha machipukizi na maua. Kwa hiyo mkulima wa Mafia mwenye minazi na mikorosho pamoja anapata walinzi wa mazao mawili bila kulipa mshahara.

Watu wa nchi nyingine walilijua jambo hili zamani sana. Uchina kuna maandishi ya kale, ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa ya mwaka 304, yanayoeleza kuwa wakulima wa machungwa walinunua sokoni viota vya chungu wa jamii hii, wakavitundika katika michungwa yao ili matunda yasiharibiwe na wadudu.

Ni kweli kuwa majimoto wana ila yao. Huwalinda wadudu wadogo wa magamba wanaotoa utamu, wanaokaa juu ya majani, kama mfugaji alindavyo mbuzi wa maziwa. Lakini hasara hiyo katika mnazi ni ndogo kuliko faida. Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

3. SWALI: Majimoto hushonaje nyumba zao, na uzi wanautoa wapi?

JIBU: Hili ni jambo la ajabu, na kila mtu afaa kulitazama mara moja. Majimoto wazima hawana uzi. Wenye uzi ni watoto wao, wale funza wadogo weupe.

Kwanza majimoto hujipanga mstari kwenye ukingo wa jani, wakalivuta mpaka likutane na jani la pili. Kama nafasi ni kubwa, mmoja humshika mwenziwe kiunoni, na huyo mwingine, mpaka wakafanya mnyororo. Majani yakikutana, wengine huleta watoto, wamewashika kwa taya. Humgusisha mtoto ukingo wa jani hili, kisha ukingo wa jani lile, huku na huku, kama fundi na sindano. Mtoto hutoa uzi kinywani, na uzi huo ndio kitambaa cheupe unachokiona katika kiota.

Jamii moja ya majimoto huwa na viota vingi katika miti kadha wa kadha, lakini malkia atagaye mayai ni mmoja, naye hukaa katika kiota kimoja tu. Kumbuka neno hili, maana lina kazi hapo mbele.

4. SWALI: Kwa nini mnazi mmoja una majimoto wengi, na wa jirani hauna hata mmoja?

JIBU: Kwa sababu kuna vita juu ya kichwa chako, nawe huvioni.

Majimoto wanao adui mkubwa. Ni chungu wadogo wa rangi ya kahawia, ambao hukaa ardhini, hasa chini ya shina la mnazi, na wengine hupanda mpaka kileleni. Ukiwatazama utaona wengi ni wadogo sana, na baadhi yao wana vichwa vikubwa kupita mwili. Hao wenye vichwa vikubwa ndio askari wao. Katika kitabu hiki tutawaita chungu wa vichwa vikubwa.

Jimoto mmoja ana nguvu kuliko chungu mmoja wa kichwa kikubwa. Lakini chungu hawa hawaji mmoja mmoja. Jimoto akishuka ardhini kwenda mnazi mwingine, humvamia wengi pamoja, wakamshika miguu yote, wakamwua. Chungu hao wakiishika ardhi yote, majimoto hufungiwa katika mti mmoja kama watu waliozingirwa. Mwisho jamii yao hudhoofika ikaondoka. Na chungu wa vichwa vikubwa wakishinda, mkulima hapati kitu, maana hawa hawaulindi mnazi na kunguni kama majimoto.

Tazama basi ni mambo gani humsaidia nani:

Minazi iliyosimama mbali mbali, makuti hayagusani, huwasaidia chungu wa vichwa vikubwa, kwa sababu majimoto hulazimika kupita chini.

Shamba lililolimwa likabaki tupu kabisa, bila jani wala kichaka, huwasaidia hao hao. Wakikosa chakula chini, hupanda juu ya miti kukitafuta.

Shamba lenye miti mingine kati ya minazi, kama michungwa, milimau, mipera na miembe, huwasaidia majimoto. Hupata majani mapana ya kushona nyumba, tena hupata njia ya juu toka mti hata mti.

5. SWALI: Nifanyeje ili majimoto wakae katika minazi yangu yote?

JIBU: Fanya kazi hii kwa utaratibu. Usifanye haraka.

(a) Hesabu. Chagua minazi 20 inayofuatana. Tazama kila mmoja: je, kuna viota kileleni? Je, majimoto wanapanda na kushuka shinani? Je, chungu wa vichwa vikubwa wako chini ya shina? Andika au tia alama. Utaona wazi mahali palipo na majimoto na mahali palipo na adui zao.

(b) Jenga madaraja. Usianze kwa kuhamisha viota. Anza kwa kuwapa majimoto waliopo njia ya juu. Chukua kamba ya makumbi, au mti mrefu mwembamba, au mmea utambaao uliokauka, ukafunge toka mnazi wenye majimoto hata mnazi wa jirani usio nao. Funga juu, mahali ambapo mtu na ng'ombe hawatakata. Majimoto hupita katika kamba kama watu wapitavyo darajani, nao huenda pamoja na jamii yao bila kutengana na malkia wao. Wachina wa michungwa walitumia mianzi kwa kazi hiyo hiyo.

(c) Usilimue shamba likawa tupu. Palilia duara kuzunguka shina la mnazi ili mizizi isinyang'anywe maji na chakula. Sehemu iliyobaki ifyekwe tu majani yawe mafupi, usiichimbue yote kwa jembe. Usichome moto, kwa maana moto hupanda makuti makavu ukaua majimoto wako wote.

(d) Panda miti ya matunda katika nafasi zilizo wazi. Mchungwa au mpera ni chakula chako, na pia ni kituo cha askari wako.

(e) Ukilazimika kuhamisha viota, vikate asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limepoa, uvitie katika gunia na kulifunga. Chukua viota vingi kutoka miti iliyo jirani, vya jamii moja. Ukichanganya jamii mbili watapigana wakamalizana. Ili kujua kama ni jamii moja, watoe wachache wa kiota hiki uwaweke juu ya kiota kile. Wakipokelewa kwa amani, ni ndugu. Wakikamatana, ni maadui. Kumbuka kuwa jamii isiyo na malkia haiishi siku nyingi. Kwa hiyo daraja ni bora kuliko gunia. Tena usiwapeleke katika mnazi ambao chungu wa vichwa vikubwa wamekwisha uteka. Huko ni kuwapeleka kuuawa. Mwulize Bwana Shamba kwanza njia ya kuwapunguza hao.

6. SWALI: Na mkwezi atapandaje mnazi wenye majimoto?

JIBU: Swali hili ni la haki, maana mkwezi ndiye anayeumwa na ndiye anayeweza kuanguka. Apake jivu la kuni mikononi, miguuni na shingoni, kwa kuwa majimoto hawapendi kutembea juu ya jivu. Avae nguo yenye mikono, aifunge vizuri. Afikapo kileleni, asivunje viota wala asikate makuti mabichi yanayovishika. Makuti makavu tu ndiyo yaondolewe. Na mwenye shamba asimlipe mkwezi wa mnazi wenye majimoto sawasawa na wa mnazi mwepesi. Akimwongezea kidogo, mkwezi hatakuwa na sababu ya kuwachoma moto kwa siri.

7. SWALI: Chonga ana pembe. Je, hutoboa mnazi kwa pembe hiyo?

JIBU: Hapana. Kinachotafuna ni taya. Chonga ni mdudu mkubwa mweusi au wa kahawia iliyoiva, mwenye pembe moja kichwani. Huruka usiku. Hutua kileleni, akaingia katika pembe ya kuti, akachimba kuelekea moyo wa mnazi. Hali nyuzi, hutafuna akanywa maji yake, na makapi huyasukuma nje. Ukiona makapi kama ya kumbi yaliyotafunwa yanatokeza tunduni, jua chonga yumo.

Watu hushangaa kuona kuti jipya limekatwa pembe tatu kama kwa mkasi. Hakuna aliyelikata hivyo. Chonga alipita katikati yake lilipokuwa bado limekunjwa ndani ya moyo. Lilipofunguka, tundu moja likawa mikato mingi, pande zote mbili. Kwa hiyo kuti lililokatwa leo ni habari ya kazi ya zamani. Chonga aliyefanya huenda amekwisha ondoka.

Mnazi mkubwa huvumilia. Mnazi mchanga huweza kufa, kwa sababu moyo wake uko karibu. Basi ikague miche na minazi michanga kila wiki. Ukikuta tundu lenye makapi mapya, ingiza waya mgumu wenye ncha ya kulabu, umtoe chonga umwue. Kisha tia mchanga katika pembe za makuti ya mnazi mchanga, ili mwingine asipate njia nyepesi.

8. SWALI: Katika lundo la samadi nimeona funza wakubwa weupe waliojikunja. Je, hawa nao hula minazi?

JIBU: Yaelekea hao ni watoto wa chonga, nao hawali mnazi ulio hai. Hula samadi, takataka zilizooza, na magogo ya minazi iliyokufa. Lakini kila mmoja akikomaa atakuwa chonga, naye ataruka usiku kwenda kileleni. Kwa hiyo mwenye kuacha gogo la mnazi lioze shambani anafuga chonga bila kujua.

Hapa ndipo mahali pa kuwamaliza, maana kumtafuta chonga mmoja mmoja juu ya minazi ni kazi isiyokwisha. Mnazi ukifa, uangushe usiuache umesimama, kwa sababu chonga hutaga hata katika kilele kilichooza juu. Pasua gogo uwe na mbao, boriti au kuni. Linalobaki lipasuliwe likauke, au lichomwe mahali palipo salama, mbali na minazi. Kisiki nacho kisisahauliwe.

Wanaofuga ng'ombe chini ya minazi, kama ilivyo desturi ya wengi Mafia, wasiache samadi ikae miezi mingi bila kuguswa. Geuza lundo kila baada ya miezi miwili, ukaokote funza. Kuku huwapenda sana, nao hutaga vizuri wakila chakula hicho.

9. SWALI: Bundi akilia juu ya nyumba, watu husema ni uchawi na kumpiga mawe. Bwana Shamba asemaje?

JIBU: Sisi twasema kazi yake tuliyoiona. Bundi hula panya.

Panya hupanda minazi, hutoboa tundu la mviringo katika madafu na koroma karibu na kikonyo, na nazi huanguka ikiwa tupu. Mchana humwoni, naye huzaa mara nyingi kwa mwaka. Bundi humwinda usiku, wakati ule ule panya anapofanya wizi wake. Hummeza mzima mzima, kisha hutapika kidonge cha manyoya na mifupa. Ukitaka ushahidi, tafuta chini ya mti anapolala bundi au chini ya paa la gofu. Okota vidonge hivyo, uvivunje kwa kijiti. Utaona fuvu na meno ya panya. Huo ndio uchawi wake.

Nchini Malaysia, wenye mashamba ya michikichi huwatengenezea bundi masanduku ya kulala na kuzaa, ili wapunguze panya. Sisi hatusemi ujenge sanduku. Twasema tu umwache.

Pamoja na hayo, funga bati laini kuzunguka shina, upana wa sentimita 40 hivi, urefu wa mita 2 toka chini, ili panya ateleze. Bati hilo halifai kitu kama makuti ya mnazi huo yanagusana na ya mnazi usio na bati. Na uangalie sana sumu ya panya. Bundi akila panya aliyekula sumu, naye huweza kufa, na hapo utakuwa umemwua mwindaji pamoja na mwivi.

10. SWALI: Wale popo wakubwa wa Mafia ni ndege au ni wanyama? Na je, wana faida yoyote?

JIBU: Ni wanyama, maana huzaa na kunyonyesha. Mbawa zao ni ngozi iliyotandwa juu ya vidole virefu. Popo hawa ni wa jamii kubwa ambayo haipatikani mahali popote katika bara la Afrika. Ndugu zao wa karibu wako Komoro na Shelisheli. Kwa muda mrefu wamejulikana kisiwani Chole, ambako hutundikwa mchana katika miti mikubwa kama mizigo iliyoanikwa, na jioni huruka kwenda kutafuta chakula. Pemba nako kuna popo wa jamii hiyo hiyo, lakini wa aina nyingine isiyopatikana mahali pengine duniani. Wanavijiji wa huko, kama wa Kidike, wamechukua kazi ya kuwalinda.

Ni kweli popo hula maembe na matunda mengine yaliyoiva, na mkulima huudhika. Lakini hula pia utamu wa maua, nao uso wao hupakaa unga wa maua wakaupeleka ua hata ua. Maua ya msufi hufunguka usiku, na popo ni wageni wake wakubwa. Tena hutema na kuangusha mbegu mbali na mti wa mama, na miti mipya ikaota bila kupandwa na mtu.

Popo hawa huzaa polepole, si kama panya. Wakiuawa wengi, hawarudi upesi. Ukitaka kuyaokoa maembe yako, yachume yakiwa yamekomaa lakini bado hayajaiva, au uyafunike kwa makuti au wavu. Popo aliyeanguka usimshike kwa mkono mtupu, maana akiuma au kukwaruza aweza kuleta maradhi.

11. SWALI: Kwa nini tusipulize dawa kali mara moja, wadudu wote wafe tupumzike?

JIBU: Kwa sababu dawa haiulizi jina. Humwua kunguni, na humwua jimoto anayemla kunguni. Humwua nyuki anayeyatembelea maua ya mnazi. Kunguni wana mbawa, nao huja tena kutoka shamba la jirani. Majimoto hawana haraka ya kurudi, kwa sababu jamii yao yahitaji malkia na muda mrefu wa kukua. Kwa hiyo mwezi wa kwanza utafurahi. Baadaye wezi watarudi, nao watakuta nyumba haina mlinzi. Tena mnazi ni mrefu. Dawa inayopulizwa juu humshukia mpulizaji, huingia kisimani, na kwa Mafia kisima hakiko mbali na shamba.

Iko siku dawa hufaa, lakini iwe dawa iliyochaguliwa, kwa adui aliyejulikana, mahali alipo, na kwa shauri la Bwana Shamba. Kwanza jua jina la mdudu, ndipo uamue.

KAZI ZA KUKUMBUKA

1. Kila mwezi, okota vidaka 10 chini ya minazi yako, uvitazame kama vina madoa au utomvu.

2. Hesabu minazi yenye majimoto, uandike. Hesabu tena baada ya miezi 6, uone kama imezidi au imepungua.

3. Funga madaraja ya kamba toka minazi yenye majimoto hata isiyo nayo, na kuyatengeneza yakikatika.

4. Palilia duara la shina, fyeka penginepo, usichome moto.

5. Kabla ya mvua za masika, usiwe na gogo moja la mnazi linalooza shambani mwako. Geuza samadi.

6. Kagua minazi michanga kila wiki, ukiwa na waya wa kulabu mkononi.

7. Mwache bundi.

Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zahitaji macho na subira. Lakini mtu mmoja akizifanya peke yake, na majirani zake wakaacha magogo yaoze na kuchoma majimoto, faida yake itakuwa nusu. Basi mkutanapo barazani, kubalianeni: kijiji kizima kisafishe magogo kwa wakati mmoja, na kila mwenye shamba awaambie wakwezi wake wasivunje viota. Jambo lolote lisiloeleweka hapa, mwulizeni Bwana Shamba wa kata yenu, naye akiwa hana jibu atapeleka swali lenu kwa wataalamu wa minazi walioko kituo cha utafiti cha Mikocheni, Dar es Salaam.